Siku Thelathini na Moja za Kilima cha Mabwe

"Huyu hamalizi mwaka." Hivyo alisema shemeji yangu Magesa siku niliporudi Musoma kutoka Arusha na diploma yangu ya uongozaji watalii ndani ya fremu ya kioo. Alisema mbele ya watu, nami nikiwepo, na mkononi alishika paja la kuku niliyemnunua mimi. "Watalii wanakujaga Mara kuona nyumbu. Nani alipe kuona ukuta wa zamani na kanisa la zamani? Mawe tunayo bure hapa, shemeji. Ukitaka nitakutupia moja."

Wengine walisema sitaweza kwa kuwa sikufika chuo kikuu. Wengine kwa kuwa sina gari. Mama mmoja wa Buhare alisema sitaweza kwa kuwa nina kiburi, na huyo peke yake ndiye aliyesema kweli. Lakini sijaona kiburi kikimzuia mtu kuamka saa kumi na moja.

Nimestaafu juzi tu. Ninyi vijana mnaoongoza wageni sasa mmeniomba niandike yale ambayo vitabuni hayamo. Nitaandika. Msitafute humu habari za mshahara wala za kupandishwa cheo. Cheo nilijipandisha mwenyewe, na hafla yake ilikuwa ndogo. Nilizaliwa Suguti katika boma la ng'ombe, nikaenda Arusha nikaosha vyombo hotelini hadi nikaota mvi, nikasoma jioni kwa miaka mitatu nikiwa bado nanuka sabuni, nikarudi. Nilirudi kwa makusudi. Wenzangu walibaki kule kuonyesha wanyama. Mimi nilitaka kuonyesha walichojenga watu, kwa sababu simba hajawahi kujenga kitu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na wageni wawili, wauguzi kutoka Mwanza waliokuwa likizo. Niliwapeleka kwenye kanisa la zamani la Nyegina. Nilisimama nao nje, juani, nikaanza kusema. Nilisema yote niliyofundishwa chuoni na mengine niliyoyaongeza. Mlango ulikuwa umefungwa, na mtunza funguo, Mama Nyangeta, mwanamke mwembamba aliyefagia kanisa lile tangu usichana wake, alikuwa amekaa kizingitini na ufunguo mapajani akinisikiliza. Nilipovuta pumzi akauliza, "Umemaliza?"

"Bado kidogo, mama."

"Wewe unaongeaga kama redio. Hawa watu wamekuja kuona kanisa, mpaka sasa wamekuona wewe."

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikasirika. Kesho yake nikarudi peke yangu, nikamwambia Mama Nyangeta kwamba nina diploma. Akanipa fagio.

Nilifagia naye siku tatu, na katika siku hizo nilijifunza kazi. Usiwaingize wageni kwa mlango mkubwa, waingize kwa ule wa ubavuni, ili wasione altare kabla hawajatulia. Wakae. Macho yazoee giza. Hesabu kimoyomoyo hadi mia moja, na ukifika mia moja wewe bado nyamaza. Kisha waonyeshe sakafu kwanza, pale ilipolika kwa magoti ya watu. "Kanisa linasomwagwa kuanzia chini," aliniambia, "kwa sababu huko juu waliweka mapadri, huku chini tuliweka sisi." Chuoni hakuna mwalimu aliyeniambia hivyo, na mimi nilikuwa wa pili darasani.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Filimbi. Futi ya kamba ya mita thelathini. Daftari gumu, kwa sababu karatasi laini haistahimili upepo wa mlimani. Na kioo kidogo cha kunyolea. Mnacheka, lakini kioo hicho ndicho kilichonilisha. Ukisimama mlangoni nacho unaweza kulirusha jua hadi kona ya giza kabisa ya kanisa, ukalipeleka polepole juu ya ukuta, na mgeni akaona alama ya mwiko wa fundi aliyekufa zamani. Tochi huonyesha ukuta mzima kwa ubapa. Jua la kioo huonyesha mikunjo. Mnunue kioo.

Gari lilikuwa Noah ya Shabani, na dereva alikuwa Shabani mwenyewe, Mwislamu wa Bunda ambaye baba yake alitoka Ujiji kuja kujenga nyumba za watu na hakurudi. Shabani naye alikuwa fundi mwashi kabla mgongo haujamgomea. Alikuwa akisubiri nje ya kila kanisa na chupa yake ya chai. "Nyie Wakristo," aliniambia, "makanisa yenu yanazeekaga upesi kwa sababu mnaimba kwa nguvu." Nami nilimwambia kwamba gari lake limezeeka bila wimbo hata mmoja. Tulifanya kazi pamoja hadi nilipostaafu na hatujamaliza utani.

Ratiba ya siku niliitunga mwenyewe na sikumwiga mtu. Tunaondoka Musoma mjini saa kumi na mbili asubuhi, tunaingia Nyegina jua likiwa bado chini. Saa tatu na nusu tuko Butiama, kwenye kaburi la Baba wa Taifa. Pale kila mgeni anajua alichokifuata, na mwongozaji mwenye akili huvua kofia akanyamaza. Kutoka hapo tunapanda Kilima cha Mabwe, kwenye magofu. Saa nane tunakula sato Bunda, kisha tunatembea hadi kwenye kanisa dogo la matofali mabichi, lile ambalo waumini wa kwanza walifyatua matofali kwa mikono yao na alama za vidole bado zimo ukutani. Naliwekea jua la kioo, na kila mgeni huweka vidole vyake katika vidole vile. Nimewaona watu wazima wakilia pale. Wengine walikuwa wameshiba tu.

Lakini moyo wa siku ile ulikuwa Kilima cha Mabwe. Juu yake kuna ukuta wa mawe makavu, bila udongo wala chokaa, unaozunguka kama zizi kubwa, mahali pengine unamzidi mtu kimo. Waliujenga wafugaji waliokuwa wakiogopa kuporwa ng'ombe. Una mlango mfupi ambao lazima uiname kupita, na maana yake ni rahisi: adui akiingia, kichwa ndicho kinatangulia. Ulijengwa lini hakuna anayejua, na mwongozaji atakayekutajia mwaka mnyime bakshishi. Kilima ni cha ukoo mmoja, na msemaji wa ukoo alikuwa Mzee Wambura, mtu mfupi aliyevaa koti la sufu hata kiangazi. Aliniruhusu kuleta wageni kwa sharti moja tu, kwamba pasihamishwe jiwe.

Sikuhamisha jiwe. Nilifanya baya zaidi.

Wageni walikuwa wakitawanyika kule juu na kunipotea. Nikakumbuka chuo: weka vituo. Basi nikapanda na ndoo ya chokaa na brashi, nikaandika namba kwenye mawe, moja hadi kumi na mbili, na mishale kutoka namba hadi namba. Kwenye namba saba, karibu na mlango mfupi, mshale niliuelekeza chini. Nilitaka wageni watazame jiwe la kusagia lililo kwenye msingi, limelika katikati kama kiganja. Nilisimama mbali nikatazama kazi yangu nikajipongeza. Namba zilionekana hadi barabarani.

Nimekulia mkoa huu. Nilipaswa kujua. Hakuna kijiji Mara ambacho hakina mtu anayeamini kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia rupia na dhahabu, wakaacha alama kwenye mawe ili warudi. Baba yangu mdogo alichimba nusu ya shamba lake la muhogo kwa sababu ya jiwe lenye mkwaruzo. Sasa fikirieni: mtu aliyepotea miaka mingi amerudi, ana futi, ana daftari, ana kioo anachokielekeza juani, kila wiki anapanda kilima na watu wageni. Halafu anaandika namba kwa chokaa, na kwenye namba saba anachora mshale unaoelekea ardhini. Hata mimi ningechimba.

Siku yenyewe nilikuwa na kwaya ya watu ishirini na wawili kutoka Shinyanga, katika Noah ya Shabani na basi dogo nyuma yake. Nyegina walikuwa wameimba ndani ya kanisa bila kuombwa, na Mama Nyangeta alikuwa ameweka fagio chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimevimba kwa furaha. Tulipofika chini ya Kilima cha Mabwe Shabani akazima injini, akatazama juu.

"Mura," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa Mara, "kilima chako kimeng'oka jino."

Nilikimbia. Pale penye namba saba palikuwa na shimo refu kuliko mtu, na ukuta ulikuwa umeingia humo, hatua kumi na mbili nzima za ukuta. Mlango mfupi haukuwepo. Ndani ya shimo ndama alikuwa amevunjika mguu, akilia. Mwenye ndama, mjane aitwaye Mama Wegesa, alikuwa amesimama ukingoni na kamba. Wanaume wa kwaya walivua majoho yao wakashuka wakamtoa. Hakuishi.

Mzee Wambura alikuja na watu wa ukoo. Hakupaza sauti.

"Nani aliandika kwenye mawe?"

"Ni mimi, mzee."

"Mshale ulikuwa unaonyesha nini?"

"Jiwe la kusagia."

"La kusagia!" Aliwageukia wenzake. "Watu wamechimba usiku na mchana kutafuta rupia za Mjerumani, kumbe ni bibi yetu alikuwa anasaga ulezi." Hakuna aliyecheka. "Wachimbaji nitawapata, ni watoto wa hapahapa, nao watapanga mawe. Lakini aliyewaonyesha ni wewe. Kilima nimekifunga. Siku ukuta utakaposimama, na wewe usiwe na deni na mtu wa hapa, utapanda tena. Kabla ya hapo nisikuone."

Kwaya walikula sato wao Bunda. Katika wiki zilizofuata wageni waliniuliza kuhusu magofu, nikawaambia hayapo, wakaahirisha. Siku yangu ilikuwa imebaki makanisa mawili, Butiama na chakula cha mchana. Nilijua nikikipoteza kilima nimeipoteza kazi, na nilijua ni nani mjini Musoma angefurahi.

Kwanza nilitoa ndama. Nilimchukua kwenye zizi la kaka yangu Suguti nikampeleka kwa Mama Wegesa kabla hajadai. Alimpokea, akamkagua meno na kwato, akamwingiza zizini, wala hakunisalimia. Kisha nikamwendea Mzee Wambura pamoja na Shabani, na mpango mzuri: mafundi wanne wa Bunda, mifuko ya simenti, wiki moja, kwisha.

"Ukuta huu haujaonja simenti," Mzee Wambura alisema. "Ukiuwekea simenti unakuwa choo."

"Vyoo nimejenga vingi," Shabani alisema, "na bado vimesimama, mzee."

"Basi vipeleke wageni kule." Akanigeukia mimi. "Na kibarua simtaki. Kibarua akimaliza anaenda zake, ukuta haumjui. Ita risaga."

Ambao hamkukulia kwetu, risaga ni kazi ya kuitana. Unaita watu, wanakuja na majembe yao, unawapikia, wanakufanyia kazi ya siku nzima. Hakuna malipo. Ila kila aliyekuja amekukopesha siku yake, na siku hukopeshwa kwa mwili na hulipwa kwa mwili. Atakapokuita utakwenda, na yeye ndiye anayechagua kazi. Nilijua desturi hiyo tangu utoto. Nilikuwa nimedhani diploma imenitoa humo.

Asubuhi niliyoita nilifika kilimani saa kumi na mbili na sufuria mbili za uji. Saa moja nilikuwa peke yangu na Shabani. Saa moja na nusu Shabani akasema, "Uji huu tutaunywa mpaka Ijumaa." Kisha nikamwona Mama Wegesa akipanda na wakwe zake wawili, wake wa wanawe, kila mmoja na karai kichwani.

"Ahsante kwa kuja, mama," nilisema.

"Sijakuja kwako. Ukuta ni wa babu zangu. Ila siku zangu tatu utazilipa wewe."

Nyuma yake wakaja wengine. Hadi saa mbili walikuwa thelathini na mmoja, mbali na wachimbaji ambao Mzee Wambura aliwaleta kulipa deni lao, Shabani akiwa mmojawapo, kwa sababu aliona aibu kukaa na chai watu wakibeba mawe.

Na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu hili ni la kazi. Mawe yalikuwa yamelala kwenye lundo na hakuna aliyekumbuka ukuta ulipinda wapi na kwa kiasi gani. Wazee wawili walianza kubishana. Nikatoa daftari. Nilikuwa nimeupima ukuta wote kwa futi, kila hatua tano, kimo chake, unene wake chini na juu, na upana wa mlango mfupi, na nilikuwa nimechora umbo la mawe makubwa ya msingi. Nilisoma, wakapanga. Mzee Wambura alisimama na fimbo akigonga kila jiwe. Likilia vibaya linatolewa. Shabani alijifunza upya ufundi wake wote. "Hakuna udongo," alikuwa akinung'unika, "jiwe linashikwa na mwenzake tu, kama ukoo." Jioni ukuta ulisimama. Mzee Wambura aliinama akapita mlangoni kichwa kikitangulia, akatoka upande wa pili, akasema, "Daftari limesaidia." Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyopata katika maisha ya kazi, na nilistahili kubwa zaidi.

Namba nilizifuta mwenyewe kwa maji na brashi ya waya, zote kumi na mbili. Tangu siku hiyo sijaandika juu ya jiwe, na nikimkuta mmoja wenu na chokaa nitamnyang'anya ndoo.

Ukuta ulisimama, lakini kilima kilibaki kimefungwa. Nilikuwa nadaiwa siku thelathini na moja.

Nilianza na Mzee Wambura mwenyewe. Alinipa kazi ya kuchimba shimo la choo. "Mashimo unayajua," alisema. Mkopeshaji wa pili alipoita nilikuwa na wageni Nyegina, nikamtuma kijana niliyemlipa. Kijana akarudishwa kabla ya saa tatu na ujumbe: "Huyu simjui. Aliyekula siku yangu aje mwenyewe." Nikaenda mwenyewe. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nilipasua kuni, nilivuna muhogo, nilimenya muhogo, nilibeba matofali, nilikandika nyumba. Kwa Shabani, huko Bunda, nilichanganya zege siku nzima naye amekaa kwenye kiti akinielekeza kwa kijiko cha chai.

Siku moja nikiwa nalima kando ya barabara Magesa alipita na pikipiki. Alisimama makusudi. "Loo! Diploma inalimaga?"

"Inalima, shemeji. Njoo upime mistari kama haijanyooka."

Akaondoka bila kupima. Mistari ilikuwa imenyooka.

Wapo walionishauri niache. Walisema wageni wa makanisa wanatosha, walisema wale watu wa kilimani wananichezea, walisema mtu wa umri wangu na elimu yangu hawi kibarua wa kijiji. Niliwajibu wote neno moja: naendelea. Misimu miwili ya kilimo ikapita. Nikazilipa ishirini na nane.

Siku tatu zilizobaki zilikuwa za Mama Wegesa na wakwe zake, na mama huyo hakuwa na haraka. Aliniacha hadi palizi ya ulezi. Anayejua ulezi ananielewa. Ukiwa mchanga una gugu linalofanana nao kama pacha, jani kwa jani, na lazima uiname mgongo mzima ulitafute kwa vidole. Siku ya kwanza niling'oa ulezi nikaacha gugu. Mama Wegesa hakunigombeza. Aliweka miche yote niliyoiua kwenye karai akanionyesha jioni, kama mtu anavyomwonyesha mgeni matunda. Siku ya pili mkwe wake mkubwa alinihurumia, akanionyesha kwamba gugu lina weupe chini ya shina. Nikatoa kioo changu cha kunyolea, nikawa narusha jua kwenye mashina. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Nilimaliza sehemu yangu bila mche hata mmoja kwenye karai.

Siku ya tatu tulipalilia hadi saa kumi jioni. Mama Wegesa akapita mstari kwa mstari, mikono nyuma, nami nyuma yake nikiwa siwezi kunyoosha kiuno. Alipofika mwisho akasimama, akaonyesha mche kwa kidole cha mguu.

"Hilo umeacha. Ng'oa."

Nilichuchumaa nikatazama. "Sing'oi, mama. Huo ni ulezi."

"Shamba langu. Nimesema ng'oa."

"Nimesema ni ulezi. Ukitaka ung'oke, ng'oa mwenyewe."

Wakwe zake waliacha kupalilia. Mimi nilikuwa nimebakiza dakika chache tu za siku ya thelathini na moja, na mtu mwenye akili angeng'oa akaenda nyumbani. Nilibaki nimesimama. Mama Wegesa aliinama polepole, akatenga majani kwa vidole viwili, akatazama chini ya shina. Alikawia pale. Kisha akaurudishia mche udongo kidogo, akaukandamiza kwa kiganja, akainuka.

"Ni ulezi," alisema. Akajipangusa mikono. "Umelipa. Nitamwambia Wambura. Alhamisi leta wageni wako."

"Kwa nini si Jumatano?"

"Jumatano kilimani hakuna mtu wa kuwapokea. Tuko risaga kwa mama mmoja jirani aliyejifungua mapacha, ulezi wake umemezwa na magugu." Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe hujaitwa. Huna deni na mtu. Ukija, wao ndio watadaiwa na wewe."

Nikamwuliza wanaanza saa ngapi.